Bungeni kwa Nafasi ya Mama Rafaeli

Simu ya Mama Rozi ilinikuta nasahihisha madaftari ya darasa la nne katika chumba cha walimu, hapa Masasi, siku ya Jumanne kabla ya mapumziko ya chai. Kwa kawaida Mama Rozi akipiga simu huanza na mvua, akaja kwenye korosho, akaulizia watoto, ndipo afike kwenye shida yake. Siku hiyo hakuzunguka. "Mwalimu Tekla," alisema, "Mama Rafaeli ametutoka alfajiri. Kesho kutwa tunamzika huku Kitangari. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu." Nilimshukuru, nikaiweka simu juu ya meza na kuendelea na kazi. Nilisahihisha madaftari tisa au kumi hivi, mpaka mwalimu mwenzangu akaniuliza mbona natia alama ya vema kwenye hesabu zilizokosewa. Nikamwambia nimechoka. Halikuwa jibu la uongo. Kuna uchovu ambao mtu akilala unaondoka, na kuna ule unaoamka nao, unaokaa nao kama mpangaji asiyehama, na wangu wa aina hiyo ya pili ulianza mwaka ule nilioishi nyumbani kwa Mama Rafaeli, nikiwa na miaka ishirini na mbili.

Nilikuwa nafundisha chekechea ya parokia pale Kitangari. Nilikuwa nimeomba chuo cha ualimu mara mbili na kukosa mara mbili, nikawa naishi kama mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati akisubiri kuitwa jina. Mama Rafaeli alinipa chumba cha uani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo la mbao lililofunguka nusu, na ukuta mwembamba uliopakana na baraza lake, hivi kwamba kila lililosemwa barazani nililisikia kana kwamba nimealikwa. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye goti lililovimba ambalo alilisema kama mtu anavyomsema mkwe mkorofi. Chakula chetu cha jioni, kabla jua halijazama, kilikuwa ugali wa muhogo na mbaazi, na kiangazi kilipoingia tulikula ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba, vimechemshwa na chumvi. Kuhusu chakula hakuwa mchoyo hata kidogo. Kuhusu maji, alikuwa na kufuli. Ukingoni mwa nyumba palikuwa na kisima cha saruji kilichopokea mvua kutoka kwenye bati, na ufunguo wake ulining'inia shingoni kwake pamoja na rozari. Kopo moja la kuoga asubuhi, kopo moja jioni, na maji ya kuoshea vyombo yalimwagiliwa mchicha. Ikifika mwezi wa sita au wa saba kisima kilitoa sauti ya debe tupu, na hapo wanawake walianza kushuka bondeni na kupanda tena, kwenda na kurudi asubuhi nzima, ndoo kichwani. Mimi nilishuka mara nyingi kwa niaba ya lile goti. Mpaka leo nikifungua bomba nyumbani kwangu, shingo inakumbuka.

Mama Rafaeli alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kilichoanza kwa kulalamika na baadaye kikaamua kuandika. Walikutana barazani kwake Jumapili baada ya misa, Wakristo na Waislamu, wake wa wakulima wengi wao, na muuguzi mmoja mwenyeji wa Ndanda aliyehamishiwa zahanati. Mama Rozi alikuwa mweka hazina, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mimi walinifanya katibu kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakikusanya sahihi na alama za dole gumba, wakimwomba mbunge awaulizie lini bomba litafika Kitangari. Barua yenyewe niliiandika mimi kwa mkono, nikaianza hivi: Sisi wanawake wa Kitangari, tukiongozwa na mwenyekiti wetu, Bi Agnesi Chilumba. Huyo ndiye Mama Rafaeli kwa jina lake la kwenye karatasi. Aliniomba nimsomee mstari ule mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Linasikika kama jina la mtu."

Jibu lilikuja mwezi wa tano. Mheshimiwa angeliuliza swali letu katika kikao cha Dodoma, na akawaalika wanawake ishirini na wawili wakatembelee Bunge, wazungushwe ndani, kisha wakae kwenye jukwaa la wageni siku swali litakapoulizwa. Angetuma basi dogo, Kosta. Siku zile baraza halikuwa na nafasi ya kukaa. Kutoka chumbani kwangu niliwasikia wakibishana kuhusu viatu, kuhusu sare ya vitenge, kuhusu namna ya kumsalimia Spika. "Akiwa mdogo kwangu, ataniamkia yeye au nitamwamkia mimi?" aliuliza Mama Rafaeli. Mama Rozi akacheka. "Hakuna kuamkiana. Wageni mnakaa kimya kama mko kanisani, mkitajwa mnasimama, mnakaa." Kisha nikasikia Mama Rafaeli akisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Basi nitakaa kimya. Lakini wataniona." Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha kamba nikitazama bati. Sikuwamo katika wale ishirini na wawili. Walichaguliwa kwa jasho lao, nami nilikuwa mgeni mwenye mwandiko mzuri. Niliona haki yake. Pia niliona kwamba sijawahi kuvuka mto Rufiji, kwamba wenzangu niliosoma nao walikuwa wamekwisha kuwa watu, na kwamba mwaka ungeisha nikiwa nimeona bonde na ndoo tu.

Katibu wa Mheshimiwa alinipigia simu siku mbili kabla ya orodha kutakiwa. Nilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na mkorosho ambako mtandao ulishika. Nakumbuka maneno yake kwa sababu nimeyarudia kwa miaka mingi. "Dada, sikiliza vizuri. Majina yote yafanane na vitambulisho vya kupigia kura. Mwenye jina tofauti atabaki getini. Ila mtu akipata barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba ni yeye, hakuna tatizo." Nikasema nimeelewa. Ofisi ya mtendaji ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, nyuma ya soko.

Nilimkuta Mama Rafaeli anachambua mbaazi. Nikamwambia, "Mama, wamepiga simu. Wanasema jina lisilofanana na kitambulisho halipiti getini." Aliacha ungo, akaingia ndani, akarudi na kadi yake iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ilisomeka Agnesi Hilari. Aliitazama muda mrefu ingawa alijua kilichoandikwa. "Hilari ni baba yangu," alisema. "Chilumba ni mume wangu. Sasa wanataka nimkane yupi?" Akaniuliza, "Hakuna njia nyingine, mwanangu?" Nikasema, "Hawakusema."

Hawakusema. Nimefundisha watoto kusoma na kuandika karibu nusu ya umri wangu, na sijawahi kukutana na neno zito kama hilo. Nilimpa nusu ya kwanza ya ujumbe, nusu ya pili nikabaki nayo. Mtu akiniuliza kama nilipanga, nitasema sikupanga, lakini nilipokuwa natoka nyuma ya nyumba nilitembea polepole kuliko kawaida, na mtu asiyepanga hana haja ya kutembea polepole. Mama Rafaeli alikaa akachambua mbaazi mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Nafasi isipotee. Andika jina lako. Wewe una macho, tena una kalamu. Lakini usiende kutembea, Tekla. Nenda ukaone."

Tuliondoka asubuhi, Kosta ikapita Newala, ikateremka Masasi kupakia godoro la mtu, ikaishika barabara ya Ndanda kwenda pwani. Mama Rafaeli alikuwa amenifungia korosho za kukaanga na mihogo ya kuchoma katika kitambaa. Wanawake waliimba mpaka Ndanda, wakanyamaza, wakaanza tena baada ya Lindi. Mimi niliwekwa kiti cha nyuma. Walikuwa wapole kwangu, wakinipa maji na machungwa, lakini Mama Rozi hakugeuka kunitazama hata mara moja, nami nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya shingo yake. Tulilala njiani usiku mmoja, tukafika Dodoma siku ya pili vumbi limetugeuza rangi moja.

Kesho yake kikao cha asubuhi kilipoahirishwa tulipelekwa kulizungukia jengo. Getini tulipanga mstari, askari mwanamke akasoma majina mmoja mmoja akilinganisha na kadi. Alipofika kwa Mama Zaituni, mwanamke mtaratibu aliyekuwa mbele yangu, kadi ilisema jina jingine. Mama Zaituni hakubabaika. Alifungua pochi, akatoa barua yenye muhuri wa mtendaji wetu, askari akaisoma, akamrudishia, akasema, "Karibu, mama." Wote waliokuwa mstarini waliona. Mama Rozi aligeuka sasa. Alinitazama kwa muda ambao mtu hutumia kusoma tangazo ukutani, kisha akapita mlango wa kukaguliwa.

Mwongozaji wetu alikuwa mama mwenye suti nyeusi na viatu vya kisigino kifupi, aliyetuita "wazazi wangu" ingawa alilingana umri na wengi wetu. Alituonyesha paa la ukumbi kutoka nje, lilivyoinuka kwa mduara kama nyumba ya msonge. Ndani palikuwa na baridi ya mashine. Alituonyesha kiti cha Spika kilivyoinuka juu ya vingine, meza ya makatibu, mahali inapolazwa siwa, ile fimbo kubwa inayoingia mbele ya Spika na ambayo bila hiyo Bunge halijawa Bunge. Alituonyesha vipaza sauti, kimoja mbele ya kila kiti. "Mtu hapazi sauti hapa," alisema. "Akipewa nafasi, kinawashwa, hata akinong'ona anasikika nchi nzima." Wanawake waliguna. Mimi nilikuwa naandika. Niliandika idadi ya ngazi, upande gani mlango unafungukia, rangi ya zulia, picha zilizoning'inia kwenye korido, harufu ya dawa ya kung'arishia mbao. Niliandika kama mtu anayelipa, nikidhani nikikusanya vya kutosha nitakuwa sijachukua kitu cha mtu.

Tuliomba maliwato. Palikuwa na masinki yaliyopangwa mstari na kioo kirefu ukutani. Sisi hatukuwa watu wa kushangaa bomba, Newala mjini yapo. Lakini Mama Rozi alifungua moja, maji yakatoka kwa nguvu, akaweka mikono yote miwili chini yake na akasahau kuiondoa. Nilimwona kwenye kioo. Machozi hayakutoka, uso wake ulichoka tu ghafla, kama mtu aliyetua ndoo akagundua bado yuko nusu ya mlima. Kisha akafunga bomba haraka, akaangalia nyuma kana kwamba atakaripiwa, akajifuta kwa kitenge chake kipya.

Nje tulipitishwa kwenye bustani. Majani yalikuwa mafupi na mabichi, ilhali upande wa pili wa ukuta Dodoma yote ilikuwa rangi ya kahawia. Mwanamke mmoja mzee alikuwa akihamisha mpira wa kumwagilia kutoka tuta moja hadi jingine. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa lafudhi ya kwao. Mama Zaituni akamuuliza, "Haya majani yanaliwa na nini, bibi?" Yule mzee akatabasamu. "Hayaliwi, mwanangu. Yanatazamwa." "Na kwako nyumbani maji yapo?" Akaangalia mpira mkononi mwake. "Nachota," alisema. "Kama ninyi." Hatukuwa tumemwambia sisi ni nani. Nadhani aliziona shingo zetu. Tulisimama pale tukipigwa picha, mistari miwili, waliosimama na waliochuchumaa, na katika picha ile, ambayo ninayo hadi leo, hakuna anayecheka isipokuwa mimi.

Siku ya swali tuliketi kwenye jukwaa la wageni kabla ya saa tatu. Wabunge waliingia, siwa ikaingia, dua ikasomwa. Tulikuwa tumeambiwa tusipige makofi wala kunong'ona. Maswali yalikwenda moja baada ya jingine, mengine ya barabara, mengine ya mbolea, sehemu ambazo sikuwahi kuzisikia, na nilichoka kwa namna ya ajabu, nikiona jinsi nchi nzima inavyosubiri zamu kwa utaratibu. Mwishowe Mheshimiwa wetu aliita namba ya swali lake. Naibu Waziri alisimama, akajibu kwa maneno marefu ya heshima. Sikuyashika yote. Nilisikia Kitangari ikitamkwa mara mbili, na kila ilipotamkwa wanawake walishikana mikono chini ya vitenge.

Baada ya maswali Spika alianza kutambulisha wageni. Wanafunzi, wachungaji, kwaya kutoka sijui wapi. Kisha nikasikia, "Wapo pia wanawake ishirini na wawili kutoka Kitangari, Newala, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Bi Agnesi Chilumba. Bi Agnesi, tafadhali simama tukuone." Katibu wa Mheshimiwa alikuwa amenakili kutoka barua yetu ya mwanzo. Ile niliyoiandika mimi. Orodha ya majina nilikuwa nimeituma na jina langu, na sikukumbuka kumwambia mtu kwamba mwenyekiti hatakuja.

Hakuna aliyesimama. Nilisikia viti vikilia chini, wabunge wakigeuza shingo kututazama juu. Mama Rozi, aliyekaa mbele yangu, aliongea bila kugeuka, kwa sauti ndogo sana. "Simama. Si ulikitaka kiti chake? Kisimamie." Nikasimama. Bunge likapiga meza, sauti kama mvua ya kwanza juu ya bati, nami nikainamisha kichwa, nikakaa. Pengine ilichukua muda wa pumzi nne. Sijui kama kuna kitu kingine katika maisha yangu kilichochukua muda mrefu kuliko hicho.

Kurudi hakukuwa na nyimbo. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwa sababu mtu anayetukanwa huwa na kazi ya kujitetea. Mama Zaituni aliniambia tu, tulipokuwa tunapanda kutoka Masasi, kwamba aliponikuta njiani akaniuliza kuhusu kadi yake, mimi ndiye niliyemwambia akachukue barua kwa mtendaji. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimemsaidia mmoja kwa ujuzi uleule niliomnyima mwingine.

Mama Rafaeli alikuwa barazani alasiri ile, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, redio ndogo ya mbao pembeni yake. Nilimwamkia. Akaitikia. Nikatua mzigo.

"Tulisikiliza," alisema. "Baraza lilijaa. Lilipotajwa jina langu watoto waliruka, jirani mmoja akanikumbatia. Nikasikia meza zinapigwa. Nikajiangalia. Nilikuwa napepeta mbaazi."

Nilibaki nimesimama.

"Nani alisimama?"

"Mimi, mama."

"Ulisimama wima?"

"Niliinamisha kichwa."

"Kwa nini?" Sauti yake haikupanda. "Ungelisimamisha vizuri jina langu. Wewe lako ungeliinamisha upendavyo."

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikamwambia habari ya simu, nusu ya kwanza na nusu ya pili, na jinsi nilivyotembea polepole kutoka kwenye mkorosho. Aliitikia kwa kichwa kila nilipofika mahali, kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma somo ambalo mkubwa analijua. Mtendaji mwenyewe alikuwa amepita juzi yake kuipongeza nyumba, akamkuta yeye mwenyewe, akashangaa, akauliza kwa nini hakuja kuchukua barua, ni kazi ya dakika tano. Alikuwa amekaa na neno hilo siku mbili akinisubiri.

"Inuka," alisema. "Unachafua nguo. Lete lile daftari lako. Anza getini."

Nilimsomea alasiri tatu mfululizo. Kila nilipotaka kuruka alinirudisha. Ngazi ngapi? Viti vina mto au mbao tupu? Wabunge wanawake wanaweka wapi mikoba yao? Nani anafagia, na anaingia kwa mlango uleule? Nilipomweleza kuhusu vipaza sauti, alifumba macho. Nilipomweleza yule bibi wa mpira wa maji, alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu nirudi. Alasiri ya tatu nilipomaliza alisema, "Umeona vizuri," akanyanyuka na goti lake, akaenda kuangalia moto.

Niliishi kwake mpaka mwisho wa mwaka. Tulikula sahani moja, nilishuka bondeni, nikapanda, alinipaka mafuta ya mnyonyo nilipovimba shingo. Lakini kabla ya safari aliniita mwanangu, na baada ya safari aliniita Tekla. Sikuwahi kulisikia lile neno tena. Nilipoomba chuo mara ya tatu kiliniita, nikaenda, nikawa mwalimu, nikapangiwa Masasi. Miaka mingi baadaye bomba lilifika karibu na soko, watu wakapanga madumu yao, na mimi nilipokwenda kumsalimu alinitekea maji ya kunywa kwenye glasi ya wageni. Tuliongelea bei ya korosho na magonjwa. Safari ile hakuitaja, nami sikuthubutu kuanza. Nilijiambia iko siku nitakuja kwa ajili ya hilo tu. Shule ilikuwa na mitihani, watoto wangu walikuwa na homa, barabara ilikuwa na tope. Ndivyo mtu anavyozeeka.

Nilipofika Kitangari siku ya maziko kanisa lilikuwa limekwisha kujaa. Mama Rozi alinisogezea nafasi kwenye benchi. Amekuwa mdogo kama mtoto, meno mawili, ulimi uleule. Mjukuu wa marehemu, Hilari, karani katika ofisi moja Mtwara, alisimama kusoma historia ya bibi yake. Alisoma kuzaliwa, ndoa, watoto aliowazaa na aliowazika. Kisha akasoma, kwa sauti iliyonyooka, kwamba marehemu aliwahi kuliongoza kundi la wanawake hadi Dodoma, akatembelea Bunge, akatambulishwa na Spika, na wabunge wakampigia meza. Akaongeza, akiiweka karatasi chini, "Sisi wajukuu tumekua na lile jengo. Bibi alitupitisha mlango hadi mlango. Tunajua ngazi zake."

Nilimgeukia Mama Rozi. Alikuwa anatazama mbele. "Alianza kwa kusema, 'Wenzangu waliona,'" alininong'oneza. "Watoto walipokuwa wadogo. Baadaye akasema, 'Tuliona.' Miaka hii ya mwisho, alipoanza kupotewa na majina, akasema, 'Niliona.' Hata waliosikiliza naye redio siku ile walimwachia. Nani angemsahihisha? Mimi?"

Padri aliuliza kama yupo aliyesafiri naye anayetaka kusema neno. Watu wakanigeukia, kwa kuwa wanajua nilikuwamo. Nilisimama. Maneno nilikuwa nayo, niliyabeba zaidi ya miaka kumi na mitano, nilikuwa nimeyapanga tena njia nzima kutoka Masasi: kwamba hakwenda, kwamba nilimnyima, kwamba naomba radhi mbele ya jeneza lake. Yalikuwa mdomoni. Nikawaona wajukuu kwenye benchi la mbele, wale wadogo wamevaa sare za shule, wakinitazama kwa fahari, wakingoja mtu aliyekuwapo awathibitishie walichokuwa wanakijua.

"Ni kweli," nilisema. "Lilipotajwa jina la Agnesi Chilumba, Bunge zima lilipiga meza. Nilikuwepo. Nilisikia."

Nikakaa. Watu waliguna kwa kuridhika, mama mmoja akapiga kigelegele cha huzuni. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuweza kuushika wimbo uliofuata. Tulipotoka nje kulifuata jeneza, Mama Rozi aliniegemea mkono kwa sababu njia ya makaburini ina mashimo.

"Nilidhani utatubu," alisema.

"Nilitaka."

"Nilikuona. Ungetubu, ungepumzika wewe, wale watoto wangerudi nyumbani na nusu ya bibi yao." Alihema, akasimama kidogo, akaendelea kutembea. "Basi beba. Hata mimi nabeba."

Waliokuwa mbele walikuwa wamekwisha kufika. Tuliwasikia wakianza kushusha kamba, tukaongeza mwendo kadiri miguu yake ilivyoweza.